Alama Ishirini za Wasichana

"Toa ishirini," alisema Mwalimu Geng, na kalamu yake nyekundu ikaipitia jumla ya mjukuu wangu kama kisu kipitavyo shingoni mwa kuku. "Ruolan, mia tano na sabini. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mvulana. Huyo hakutolewa kitu; aliongezewa kumi.

Miaka ile, huku kwetu mkoani Gansu, mtoto alichagua chuo kikuu kabla ya kuyajua matokeo yake. Mtihani ukiisha, majibu yalichapwa gazetini, na kila mwanafunzi aliketi akajisahihisha kwa kumbukumbu. Aliyejikadiria juu mno alikataliwa na chuo kikubwa, na vile vidogo, kwa kuwa aliviandika chini ya kile kikubwa, navyo vikampa kisogo. Aliyejikadiria chini alikwenda kuozea mahali asipostahili. Ruolan alitaka kusomea udaktari Shanghai. Mwaka uliotangulia, chuo hicho hakikumchukua mtu wa mkoa wetu aliyepata chini ya mia tano na themanini. Yeye alikuwa amepata, kwa makadirio, mia tano na tisini.

Najua jinsi jumla hiyo ilivyopatikana, kwa maana nilisimama nyuma ya kiti chake. Hesabu na sayansi zilikuwa na majibu gazetini. Insha haikuwa nayo. Nikamwamuru aiandike upya, sentensi kwa sentensi, kama alivyoiandika katika chumba cha mtihani. Nimesahihisha insha maisha yangu yote ya kazi na sijamwonea huruma mtu. Nilimnyima alama kwa aya iliyorudia wazo, nikamnyima tena kwa hitimisho lenye mbwembwe.

"Bibi, hata mtahini hana roho ngumu hivyo!"

"Mtahini hakupendi. Andika tena aya ya tatu."

Kwa hiyo, katika mkutano ule wa wazazi wa kuchagua vyuo, Geng alipotoa zile ishirini, nilisimama.

"Mwalimu Geng, hizo ishirini umezitoa kwa kosa gani?"

"Ah, Mwalimu Qiu! Ni uzoefu tu. Wasichana hujionea huruma wanapojisahihisha. Wavulana huona haya kujisifu."

"Huyu hakujisahihisha insha. Nilimsahihisha mimi."

"Hapo umepatikana, Mwalimu Geng!" alidakia mzazi mmoja, na darasa zima likaangua kicheko.

Geng hakucheka. "Chuo cha Ualimu cha hapa kinamfaa msichana. Shanghai wakimkataa, utamwambia nini?"

"Nitamwambia amekataliwa na Shanghai. Wewe huna mamlaka ya kumkataa kwa niaba yao."

Nilijua kilichomsumbua. Shule ilitamani kujivunia jina moja lililopokelewa chuo cha Beijing, na haikutaka wengi wakose vyuo na kuiharibia sifa. Wavulana wakatumwa kubahatisha. Wasichana wakawekwa akiba. Ruolan aliichukua kalamu, akaandika Shanghai mahali pa kwanza, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Ikafika zamu ya Peiwen, aliyeketi naye dawati moja. Huyo alijikadiria mia sita na tano. Geng akatoa ishirini, halafu, kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea, akatoa tena kumi, akamtajia Chuo cha Ualimu.

"Baba, nimehesabu mara tatu," Peiwen alinong'ona.

Baba yake, Bwana Tuo, fundi wa baiskeli, alikuwa amevaa shati lake la sherehe. "Mwalimu akihesabu mara moja inatosha. Andika."

"Bwana Tuo, usikubali!" nilisema.

"Mwalimu Qiu, wewe ukigombana na shule, shule inakuogopa. Mimi nitagombana nao kwa lipi?"

Peiwen akaandika.

Ruolan sasa ni daktari, na nywele zake zimeanza kuwa na mvi. Nikimtajia siku ile huniambia, "Bibi, yamekwisha hayo." Hayajaisha. Jambo la haki halichakai kwa sababu waliodhulumiwa wamenyamaza.

Matokeo yalipotoka, Ruolan alikuwa na mia tano na themanini na nane, na Shanghai wakampokea. Mvulana aliyeongezewa kumi hakupokelewa popote, akarudia mwaka. Peiwen alipata mia sita na tisa. Hakuna msichana aliyemshinda katika wilaya nzima, na nafasi yake ilikuwa katika Chuo cha Ualimu, mwendo mfupi kutoka karakana ya baba yake.

Shule ilitundika kitambaa chekundu langoni chenye jina la Ruolan. Geng aliwaambia waliokusanyika kwamba ushauri wake ulikuwa umezaa matunda, akanivuta nikasimame kando yake tupigwe picha. Niliuondoa mkono wake begani mwangu mbele ya watu wote.

Peiwen alikuwa amekuja kumpongeza mwenzake. Alisimama mbele kidogo ya kitambaa, akisoma.

"Wewe binti, sogea," alisema mpiga picha. "Kivuli chako kinaingia kwenye maandishi."

"Samahani," alisema Peiwen, akasogea.

Langoni siku ile tulikuwa watu wazima wengi, walimu kwa wazazi. Aliyeomba radhi ni yeye peke yake.