Alama ya Rangi ya Kucha

...wala si kwamba hajui kuwa vinu vya umeme vipo, vimejaa madukani, unabonyeza mara moja unga huo, ila yeye, mtu mzima mwenye shahada mbili na akili zake timamu, amesimama jikoni Jumamosi asubuhi amekikumbatia kinu cha mkono kifuani kama mtoto mwenye homa, anazungusha mpini, kru, kru, kru, buni ngumu kama kokoto, bega linawaka moto, na kule sebuleni wifi yake anaongea peke yake, jambo fulani kuhusu mvua, au kuhusu mwavuli, wifi ni mtu mwema na hilo ndilo tatizo lake, angekuwa na mdomo mchafu angefukuzika, lakini alisimama pale mlangoni na viatu vyake mkononi akasema, "Wifi yangu, usininunie, mjumbe hauawi, kaka kaniomba nimchukulie kile kinu cha kahawa," na yeye badala ya kusema chukua, au ng'o, au kamwambie kaka yako kinu kina miguu kitamfuata chenyewe, akasema, "Karibu kwanza, nikusagie kikombe," ndiyo maana anasaga, anamsagia mgeni kwa kinu kilekile ambacho mgeni amekuja kukiondoa, ni sawa na kuwapikia uji mafundi waliokuja kukung'olea paa... "Eti wifi?" "Nasema mvua ya juzi imenifikia mpaka kabatini!" "Pole," kru, kru, mvua, ndiyo, kabati, kabati la mume lilikuwa tupu siku ile alipoondoka, lakini yeye hakujulia kabatini kwamba ameachwa, watu wote wanadhani alijulia kabatini, hata mama yake mzazi, "mwanangu, ulipofungua kabati ulijisikiaje," na yeye akalia ipasavyo kwa sababu huwezi kumwambia mama kwamba ulijulia kwenye pete ya kinu cha kahawa, hii pete hapa chini ya kidole gumba, yenye vijino vinavyolia tk, tk ukiizungusha, ukiikaza meno ya ndani yanakaribiana na unga unakuwa laini, ukiilegeza unakuwa wa chengachenga, ndiyo elimu yote, ingawa mume alikuwa akiieleza kwa wageni nusu saa nzima, macho kayafumba, "mnasikia ladha ya matunda ya porini?" na wageni wakatikisa vichwa, waongo wakubwa, hata mmoja wao hakuwa amewahi kuonja tunda la porini, na yeye mkewe akauliza kutoka kwenye kochi, "tunda gani, lina mbegu?" na mume akacheka kuliko wote, alikuwa anacheka, hilo ndilo linalouma, angekuwa mtu wa kununa mambo yangekuwa rahisi... alikileta kinu siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, kimefungwa utepe, "zawadi yetu," zawadi ya watu wawili iliyotakwa na mmoja, na cha umeme je, "cha umeme kinaunguza buni, mke wangu," alisema mtu ambaye hajawahi kukaanga yai lisiungue, na kuanzia hapo kila alfajiri kru, kru, mume kwenye kigoda, kinu kimebanwa mapajani, yeye kajifunika mto kichwani analaani, na bado alikuwa anasikiliza, kwa sababu katikati sauti hukatika, mume ameshamaliza yake, ile nyeusi inayodondoka kama dawa ya macho, halafu tk, tk, tk, pete inalegezwa, inasogezwa kwenye ya mke, nyepesi, isiyouma tumbo, halafu kru tena, halafu nyayo kwenye korido na kikombe kando ya kitanda, kwa hiyo pete ililala kwake, kwenye kipimo cha mke, kila siku ya Mungu pete ililala kwake, mpaka asubuhi ile alipoamka na kimya, akaja jikoni miguu mitupu, akaona pete imeishia kwenye alama nyekundu, ya mume, amejisagia yake tu, amekunywa, ameosha kikombe chake kimoja, akajua... kabati lilikuja baadaye, kama risiti. Tangu siku hiyo pete hajaigusa, na hili hajamwambia mtu, anasaga hapohapo kwenye nyekundu, anakunywa kahawa ya mwanamume aliyeondoka, chungu, inamchoma mpaka kitovuni, kazini wanasema umepungua, unafanya mazoezi, ndiyo, anafanya, ya mkono mmoja, aliyelikoroga kaenda zake na anayelinywa ni yeye, kila asubuhi, mpaka tone la mwisho... "Wifi! Nisije nikasahau!" "Nini?" "Kasema kuna alama nyekundu hapo kwenye pete, eti usiifute! Kanisisitiza mara mbili, mwambie wifi yako asiifute ile nyekundu!" na mkono unasimama wenyewe. Ile nyekundu ni rangi yake ya kucha, aliyopaka siku ya harusi, na kinu kilipoletwa mume akaitia kwenye pete kwa brashi hapahapa kwenye meza hii, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, naye kamshikia kinu kisiteleze, kwa hiyo anaikumbuka, kwa hiyo huko aliko kuna kitu cha mkewe anachokitaka, moyo unaruka, mpumbavu huyu, unaruka kama mbwa aliyesikia funguo mlangoni, labda kinu ni kisingizio, labda angetaka kuja mwenyewe na kaona haya... "Maana bila hiyo alama anasema itamchukua karne kupata kipimo chake! Na huko anakunywa ya kopo, wifi, ya kukoroga, yule mwenzake hajui hata maji yanachemka lini, sikudanganyi!" Aha. Kipimo chake. Mbwa arudi akalale. Wifi anacheka peke yake kule, anadhani amemletea zawadi, amemsengenya yule mwingine bure bila kuombwa, na yeye anajikuta anacheka pia, kicheko kidogo cha puani, kisha machozi yanamwagika bila adabu, moja ndani ya unga, haidhuru, mume mwenyewe alikuwa anatia tone la maji kwenye buni ili unga usirukeruke... basi. Basi na liwe. Hatamsagia wifi kwa kipimo cha mtu, ataisogeza pete kwake, ilipokuwa inalala, kidole gumba kinasukuma, tk, tk, tk, na hapo kinakwama, si pete iliyokwama, ni yeye, kwake ni wapi? Pete ina vijino mzunguko mzima na nyekundu ni moja tu. "Na yangu?" aliuliza siku ile, brashi bado ina rangi, na mume akagusa paji la uso, "yako iko hapa," naye akajiona malkia, akaenda kuwasimulia kazini, wenzake wakashika vifua, jamani mapenzi, kumbe ndivyo ilivyo, chake alikitia alama kwenye chuma na cha mke alikibeba kichwani, kichwa kikaondoka nacho, na yeye miaka yote ile kaletewa kitandani kitu anachokipenda bila kujua kinapatikana vipi. Anachukua unga kidogo, anausugua kati ya vidole kama alivyomwona akifanya, siyo, huu bado poda, anailegeza, tk, anazungusha mpini, kru, kru, anasugua, siyo... "Wifi, bado?" "Bado, kaa, kahawa utakunywa," anajibu, na sauti inatoka kavu, ya kwake, "ila kinu leo hakitoki, mwambie kaka yako nakitumia," na sebuleni kochi linalia, wifi ameegemea nyuma, "Sawa, wifi yangu, mvua yenyewe inakuja," na yeye anakumbatia kinu upya, bega linawaka, tk, anasaga, anasugua, siyo huu, tk, wala huu.