Sehemu ya Pili Usiiguse

Nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kichwa, na aliyempa jina hilo ni mjomba wake, mwalimu wa hisabati ambaye hakuweza kumaliza mlo bila kumtupia mtu swali. Baba yake Kichwa alipofariki, mjomba ndiye aliyeshika madaftari ya binti huyo. Alimfundisha kugawanya kwa vifungo vya mashati, akivichota kwenye kopo la mama, fundi cherehani, na mwaka baada ya mwaka akamvusha mpaka kwenye logarithimu.

Kwa hiyo Kichwa alipopata nafasi ya kusomea uhandisi wa umeme, tena kwenye chuo kilekile alikofundisha mjomba, hakuna aliyekuwa na wasiwasi na hesabu. Kilichobaki ni mtihani wa kupanga madarasa, ambao wanafunzi wapya wote hufanya kabla masomo hayajaanza. Anayefaulu anaanza moja kwa moja na hisabati ya mwaka wa kwanza. Anayeshindwa anapelekwa darasa la matayarisho, mwaka mzima, na kama ni wa uhandisi hagusi somo lolote la fani yake mpaka alimalize. Darasa hilo lilikuwa la mjomba.

Siku mbili kabla ya mtihani mjomba alipita nyumbani. Kichwa alimuuliza kama kuna karatasi ya maelekezo, mjomba akasema haina haja, yeye mwenyewe atamweleza. Maswali ni arobaini, sehemu mbili. Sehemu ya kwanza aifanye kwa makini.

"Ya pili usiiguse," alisema. "Ile ni ya wanaokwenda kusomea hisabati yenyewe. Ukikosea huko, wanakukata alama za huku."

Mama alikuwa pembeni akipinda suruali ya mtu. Hakusema kitu.

Mtihani ulifanyika kwenye chumba cha kompyuta, kila mtu na skrini yake. Kichwa alimaliza maswali ishirini ya kwanza kabla jirani yake hajafika la kumi. Kisha ikafunguka sehemu ya pili. Swali la kwanza la huko lilikuwa la logarithimu, na jibu lilimjia kichwani kabla hajamaliza kulisoma. La pili vilevile. Vidole vilimwasha. Akaikunja mikono kifuani, akakaa hivyo dakika arobaini, akiyatazama maswali anayoyajua kama mtu anayewaona ndugu zake ng'ambo ya barabara na amekatazwa kuvuka. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, maana ameacha maswali ishirini. Akabonyeza ndiyo.

Kesho yake orodha zikabandikwa. Alilitafuta jina lake kwenye orodha ya mwaka wa kwanza mara tatu. Alilikuta kwenye orodha ya matayarisho, la mwisho.

Alikwenda ofisi ya usajili akiamini kuna kosa. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimtafutia matokeo yake: ishirini juu ya arobaini, na wa kufaulu hutakiwa apate ishirini na tano. Sehemu ya kwanza hakukosa hata moja. Kichwa akaeleza habari ya kukatwa alama. Karani akamtazama kwa huruma kidogo, akamsogezea karatasi ya maelekezo. Mstari wa pili ulisema hakuna alama inayokatwa kwa jibu lisilo sahihi, na kila mwanafunzi ajaribu maswali yote.

"Nani alikwambia vile?"

Kichwa aliusoma tena ule mstari wa pili.

"Basi usivunjike moyo," karani akasema, akidhani anamfariji. "Angalau darasa limefunguka. Walikuwa kumi na tisa, na chini ya ishirini halifunguliwi. Mwalimu wake alishaandikiwa barua kwamba lisipotimia ndiyo mwisho wake hapa. Wewe ndiye uliyelitimiza."

Alimkuta mjomba darasani, peke yake, akipanga viti. Alikuwa amepanga ishirini. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Kichwa hakumwamkia.

"Umenizunguka, mjomba."

Mjomba aliketi kwenye kiti kimojawapo, kidogo kwa mwili wake. Hakukana. Alisema amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mwaka mmoja kwa msichana wa umri wake si kitu.

"Ungeniomba," Kichwa alisema.

"Ungekubali?"

"Sijui. Na sasa hatutajua, wewe wala mimi."

Nyumbani alimsimulia mama yote, akitegemea kuona hasira. Mama alilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, na kabla hajafungua mdomo Kichwa akawa ameshaelewa.

"Alinieleza," mama alisema. "Ni kaka yangu. Ametubeba, mwanangu."

Kichwa aliingia chumbani. Kulia alitaka, machozi hayakuja. Ya mjomba yalimchoma, lakini kile kimya cha mama siku ile, huku akipinda suruali ya watu, ndicho kilichomuuma zaidi.

Kanuni za chuo ziliruhusu kurudia mtihani mara moja, kama mwalimu wa darasa atasaini fomu kwamba alama hazilingani na uwezo wa mwanafunzi. Kichwa aliipeleka fomu mwenyewe. Alijua maana ya kuondoka kwake, na mjomba alijua. Mjomba aliisoma mpaka chini, akasaini, akamrudishia bila kumtazama.

Alirudia mtihani wiki iliyofuata na kupata thelathini na tisa. Darasa la matayarisho likafungwa, na wale kumi na tisa wakapelekwa kwa mwalimu mwingine, wa jioni. Mjomba alibeba vitabu vyake kwenye boksi, akarudi kwake. Siku hiyo Kichwa alikuwa maabara, akijifunza kupima mkondo wa umeme, na hakutoka kumuaga.

Mama aliendelea kumpakulia chakula na kumpigia pasi, lakini maneno yalipungua. Mwezi wa tatu baada ya hapo ndipo aliposema mjomba anaumwa mgongo, na kwamba amemuulizia.

"Mwambie namwombea apone," Kichwa alisema.

"Hutaenda?"

Akasema ana jaribio kesho, na ni kweli alikuwa nalo. Akavuta daftari lake karibu, akaendelea na kazi.