Nje ya Vigingi Vyeupe

Mama alifariki alfajiri. Dada akaja moja kwa moja kutoka kazini msituni, akaketi jikoni kwa marehemu na mabuti yake ya matope. Nilimpa pole, kisha nikasema lililonikaa rohoni.

"Mama aliomba alazwe kando ya baba. Sahihi ya kibali ni yako. Weka, yaishe."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Dada ndiye mkuu wa utafiti na ulinzi wa chemchemi inayonywesha mji wetu wote. Ndiye aliyeizungushia vigingi vyeupe na kupiga marufuku kuchimba kaburi ndani yake. Baba tulimzika humo zamani, kabla ya vigingi.

"Nilipomwaga rangi ya majaribio kwenye udongo ule, ilitokea bombani," alisema. "Mama mwenyewe alinifokea kwamba chai yake imekuwa kijani. Umesahau?"

"Huyu ni mama, si rangi!"

"Na mke wa fundi cherehani alikuwa nani?"

Fundi ni jirani yetu, mzee wa rika la baba. Mwaka jana dada alimkatalia kumzika mkewe ndani ya vigingi, walikozikwa watoto wao. Tangu hapo mzee hamwitikii salamu. Dada humwamkia kila wakikutana, naye hupita kama hakusikia.

"Nilimwambia haiwezekani," dada alisema. "Leo nikiweza, nitamtazama kwa macho gani?" Akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo, akalia. Mimi nilitoka nje bila kumbembeleza. Nilikuwa na uchungu naye kwelikweli.

Kesho yake tulianza kuchimba nje ya vigingi. Kaburi la baba lilionekana ng'ambo, nami sikuweza kulitazama. Mara fundi akatokea na sepetu begani. Alisimama penye vigingi, akaangalia udongo umechimbwa upande gani.

Kisha akatusogelea.

"Hapo mtakuta mwamba. Njooni huku, karibu na mke wangu. Wale wawili wakikutana walikuwa hawaishiwi maneno."

Dada alisimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

Fundi alichomeka sepetu ardhini.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Pole."