Mgeni Asiyeandikwa

Kikundi chao kilikutana kila Jumamosi alasiri juu ya duka la rangi, katika chumba kilichowaumiza kichwa kwa harufu hata madirisha yote yakiwa wazi. Walikuwa watu wa kila namna waliopatwa na ugonjwa mmoja: kompyuta za zamani, zile zenye kibodi nene kama tofali, zinazochomekwa kwenye televisheni na kuhifadhi kazi zao kwenye kaseti. Nyumbani kwao mashine hizo ziliitwa takataka. Wao waliziita "wazee", na waliziinua kwa mikono miwili.

Mwaka huo mwenyekiti wao, mstaafu aliyefundisha kemia maisha yake yote na ambaye kila mtu alimwita Mwalimu tu, alikuja na changamoto. Haikuwa na zawadi wala mshindi. Kila mmoja aandike mchezo wa maneno matupu, usio na picha, ambao mchezaji wake anatembea ndani ya nyumba ya huyo aliyeuandika. Ukiandika NENDA JIKONI, skrini inakueleza jiko. Ukiandika TAZAMA, inakutajia kilichopo.

"Andikeni nyumba mnayoweza kuitembea macho yamefumbwa," alisema. "Na msitupambie. Kama ukuta una nyufa, tuonyesheni nyufa."

Fundi Meno alicheka pamoja na wenzake. Jina hilo walimpa wao, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, aliyeishi na mama yake katika nyumba ileile aliyokulia. Kompyuta yake ilikuwa ya kaka yake.

Huyo kaka alikuwa fundi redio. Alasiri moja, miaka mingi nyuma, aliacha redio ya mtu imefunguliwa mezani, akasema anakwenda dukani mara moja kununua waya wa risasi wa kuchomelea. Hakurudi. Walimtafuta vituo vya polisi, wakamtafuta hospitalini, wakamtafuta hadi vyumba vya maiti. Baba yao alifariki akiwa bado anauliza uliza. Ndugu waliposhauri kwamba sasa wakae msiba, mama aliwatoa sebuleni kwake mmoja mmoja.

"Mwanangu hajafa," aliwaambia. "Amechelewa."

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kulirudia neno msiba mbele yake.

Kuandika mchezo kulimfurahisha Fundi Meno kuliko alivyotarajia. Kila alipotoka kazini alikaa mbele ya televisheni akaandika nyumba: kibaraza chenye saruji iliyopasuka, sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa, korido, jiko, chumba cha mama, chumba chake. Mchezaji akiandika neno ambalo hakulipangia jibu, skrini ilijibu: SIELEWI. Chumba cha kaka aliandika tu kwamba kina kitanda na meza. Hakumweka mtu yeyote ndani ya nyumba hiyo. Alitaka kuta, milango na madirisha, basi.

Jumamosi ya kwanza ya kuonyeshana michezo yao, aliyekaa kuucheza alikuwa Msusi, mwanamke mwenye saluni mtaa wa pili, mcheshi asiyejua kunyamaza.

"Dada, makochi yako yamevaa vizuri kuliko mimi," alisema, watu wakacheka. Akaingia sebuleni, akaandika TAZAMA DIRISHANI.

Skrini ikajibu: BARABARA NA UKUTA WA JIRANI. MBALI KUNA MTU AMESIMAMA.

"Nani huyu tena? Umetuwekea mwizi?"

Fundi Meno alisogea karibu, akasoma mara mbili. "Sijaandika hivyo. Niliandika barabara na ukuta, nikaishia hapo."

"Usitutanie."

"Haki ya Mungu, sijaandika."

Mwalimu aliagiza mistari ya programu ipitishwe kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine. Kila sentensi inayotokea kwenye mchezo lazima iwe imeandikwa mahali fulani ndani ya mistari hiyo. Mashine haina pengine pa kuitoa. Waliipitia yote. Barabara ilikuwepo, ukuta ulikuwepo. Mtu hakuwepo.

"Kaseti uliyotumia ni ya zamani?" aliuliza Mwalimu.

"Ya kaka yangu."

"Basi ndiyo hiyo. Kuna masalia ya kazi zake chini ya zako. Chukua kaseti mpya, uandike upya."

Maelezo yale yalimtosha kila mtu, naye yakamtosha. Aliandika upya tangu mwanzo kwenye kaseti aliyoitoa yeye mwenyewe kwenye karatasi yake ya plastiki. Jumamosi iliyofuata Msusi alikaa tena kitini, akaenda moja kwa moja dirishani.

BARABARA NA UKUTA WA JIRANI. MTU YUKO GETINI.

Safari hii hakuna aliyecheka sana. Msusi aliondoa vidole kwenye kibodi kana kwamba imemuunguza. "Wiki iliyopita alikuwa mbali," alisema.

Mwalimu hakupenda mambo yasiyo na sababu. Aliinakili programu kwa mkono wake, akaenda nayo nyumbani kwake na kuiingiza kwenye mashine yake, ambayo haikuwahi kukutana na kaseti ya mtu mwingine. Katikati ya wiki alimfuata Fundi Meno kazini. Alimkuta kavaa kinyago cha vumbi, anasugua meno ya mtu. Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nimeicheza kwangu," alisema. "Yuko kibarazani."

Fundi Meno alizima mashine ya kusugulia.

"Niliandika TAZAMA MTU, nikitegemea itaniambia haielewi. Ikanijibu. Imesema mkononi ana kifurushi kidogo cha karatasi, na ndani yake kuna waya wa risasi." Mwalimu alifuta miwani yake, akaivaa, akaivua tena. "Hiyo ina maana yoyote kwako, binti yangu?"

Fundi Meno alivua kinyago chake. Kule kikundini alikuwa amesema tu kwamba kaka yake alipotea. Habari ya waya wa risasi hakumwambia mtu, wala haikuwa kitu cha kumwambia mtu.

"Mimi nimeizima," alisema Mwalimu, "na sidhani kama nitaiwasha."

Siku zile Fundi Meno aliifunika kompyuta kwa kanga, akaacha kuingia pembe ile ya sebule. Mwili wake haukutulia. Akiosha vyombo alihisi mgongo wake unatazamwa. Akipita koridoni alipita haraka, kisha akajicheka, kisha akaacha kujicheka. Mama hakuambiwa kitu. Masikio yake yalikuwa yameanza kuzeeka, hata kengele ya simu ilimpita, na binti alishukuru kwa hilo.

Alasiri moja walikuwa wawili sebuleni, mama akichambua mchele kwenye sinia, jua likiwa bado kali nje. Mama aliinua kichwa.

"Kuna mtu anabisha hodi."

"Sijasikia, mama."

"Anabisha. Nenda kamtazame, mbona unakaa?"

Alikwenda. Kibaraza kilikuwa kitupu, geti limefungwa, barabarani hakuna hata kuku. Aliporudi, mama alikuwa ameweka sinia chini na kuutazama mlango kama anayemsikiliza mtu mwenye sauti ndogo.

Ndipo alipoifunua kompyuta. Alijua atakachokikuta, lakini aliiwasha vilevile, akaupakia mchezo na kuandika TAZAMA.

MTU YUKO MLANGONI. ANASEMA HODI.

Aliandika: NANI. Skrini ikajibu: SIELEWI.

Aliandika jina la kaka yake. SIELEWI.

Aliandika KARIBU, akalikosea, akalifuta, akaliandika tena. SIELEWI.

Bila shaka haikuelewa. Hakuifundisha. Mchezo mzima ulikuwa na maneno machache aliyoyachagua mwenyewe, na hakuwahi kufikiria kwamba mtu angehitaji kukaribishwa. Angeweza kuongeza neno hilo kwa dakika moja. Alikaa na kuutazama mshale wa skrini ukimeta na kuzimika, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Alimpigia simu Msusi, akamsimulia yote. Huko upande wa pili kelele za vikausha nywele zilikoma ghafla. Msusi alikuwa ametoka nje.

"Usimfungulie," alisema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake. "Nisikilize, dada yangu. Kaka yako ungemjua kwa sura. Huyu unamjua kwa maandishi tu. Anaweza kuwa mtu yeyote. Anaweza asiwe mtu."

Alipokata simu, mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Macho yake bado yalikuwa mazuri. Alikuwa amesoma skrini, na alikuwa ameisoma mara moja tu.

"Tangu lini yuko hapo?"

"Mama, hii ni mashine. Labda imeharibika."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Kuna wiki kadhaa. Alianzia mbali."

Mama alivuta kiti cha pili, akakaa taratibu, akaweka mikono yake yenye vumbi la mchele juu ya magoti. "Na wewe unamwacha mtu mlangoni mpaka lini?"

"Naogopa, mama."

"Hata mimi naogopa. Mfungulie."

Basi aliongeza mstari mmoja. Mchezaji akiandika KARIBU, skrini ijibu: MLANGO UKO WAZI. Hakuongeza kitu kingine, wala nukta. Akamwachia mama kibodi. Mama alizitafuta herufi kwa kidole kimoja, akizitaja kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, akabonyeza pale alipoonyeshwa.

MLANGO UKO WAZI.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Televisheni ilinguruma kidogo, kama kawaida yake. Halafu, herufi moja moja, polepole mno kwa mashine, yakaja maneno ambayo hakuna aliyeyaandika.

AMEINGIA. AMEVUA VIATU.

Fundi Meno aliukamata mkono wa mama. Mlango halisi, nyuma yao, haukuwa umefunguka. Aligeuka na kuuona. Lakini mama hakuwa akitazama mlango. Kichwa chake kilikuwa kinazunguka taratibu, kutoka mlangoni kupita kwenye makochi hadi koridoni, jinsi unavyomfuata kwa macho mtu anayekatiza chumba.

YUKO JIKONI. ANAKUNYWA MAJI.

"Mwache anywe kwanza," alisema mama. "Ametoka mbali."

Walisubiri. Jikoni hakukuwa na sauti yoyote, na ukimya huo ndio uliomsimamisha binti nywele, kwa sababu hata friji ambayo siku zote ilinung'unika ilikuwa imenyamaza. Kisha:

YUKO CHUMBANI KWAKE. AMEKAA KITANDANI.

Na baada ya kitambo kirefu, mstari wa mwisho:

AMECHOKA. AMELALA.

Mshale ulibaki ukimeta. Friji jikoni ikajitikisa, ikaanza kunguruma tena.

Fundi Meno alimwangalia mama, akangoja apige kelele au aanguke. Mama alivuta pumzi ndefu, akaishusha. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Amefika," alisema. Kisha, baada ya kujifuta kwa upindo wa kanga: "Wapigie simu shangazi zako. Waambie waje. Tunakaa msiba."

Fundi Meno alipobaki peke yake na ile mashine aliijaribu. Aliingia kila chumba, akaandika TAZAMA kila mahali. Ilimtajia saruji iliyopasuka, makochi, kitanda na meza, sawasawa na alivyoandika yeye. Dirishani palikuwa na barabara na ukuta wa jirani.

Msiba ulikaliwa bila mwili na bila kaburi, na hakuna ndugu aliyeuliza kwa nini leo na si miaka ile. Labda waliuona uso wa mama, wakaelewa kwamba swali hilo halina pa kwenda. Watu wa kikundi walikuja wote. Mwalimu alibeba viti kutoka kwa jirani mpaka wakamzuia kwa sababu ya mgongo wake. Msusi aliingia jikoni akapika chai ya kulisha jeshi, na alipokutana na Fundi Meno koridoni, mbele ya chumba cha kaka, alimshika mabega akanong'ona, "Niliposema usimfungulie, niliogopa mimi. Unisamehe."

"Ningeogopa vilevile kwa ajili yako," alimjibu.

Mama alikaa mkekani katikati ya shangazi na kusimulia jinsi mwanawe alivyokuwa mtoto: alivyokuwa akifungua kila kitu chenye skrubu, alivyowahi kumfungulia babake redio siku ya mpira na kushindwa kuifunga. Wanawake walicheka na kulia kwa pamoja.

Fundi Meno hakulia. Alikuwa na wageni, masufuria, simu za kupokea, mikeka ya kurudisha. Wenzake walifunga changamoto bila yeye. Walimletea cheti cha kushiriki, kama walivyompa kila mtu, na Mwalimu alimwambia kando kwamba nakala yake ameifuta na utepe wa kaseti aliyoihifadhia ameukatakata kwa mkasi.

Alirudi kazini Jumatatu. Kulikuwa na seti ya meno ya mzee mmoja iliyobaki kukamilishwa, na mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mashavu yamebonyea, akisubiri kwa subira. Fundi Meno aliichukua ile seti, akaigeuza kwenye mwanga kuona kama imelingana, na pale pale msiba wa kaka yake ukamjia. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, meno ya mtu mkononi.

Mzee aliinuka kwa shida, akaja akasimama kando yake, asijue la kufanya na mikono yake.

"Pole, mwanangu," alisema, maneno yakimponyoka kwa kukosa meno. "Lia tu. Mimi sina haraka, nyumbani wamenipikia uji."