Mbwa Chini ya Meza ya Viatu

"Swali la ishirini na sita," Mwalimu alisema, akifunua ukurasa. "Mbwa akihuzunika, utamliwaza vipi?"

Fundi viatu alikuwa na misumari minne mdomoni. Aliitema mmoja mmoja kiganjani ili hasira ipate pa kupitia.

"Mwalimu, mimi mwenyewe nikihuzunika hakuna anayeniuliza."

"Naandika: kwa maneno mazuri."

Mwalimu alikuwa amestaafu, na ukali wote uliobaki alikuwa ameuhamishia kwenye wanyama. Yeye na wenzake walijitolea kuokota mbwa waliotupwa, kuwatibu na kuwatafutia makao. Kazi ya heri, hakuna ubishi. Lakini kupata mbwa kwao kulikuwa kugumu kuliko kupata mke. Walikuja kukagua duka mara tatu. Mara ya kwanza walilalamikia gundi, Fundi akaipandisha rafu ya juu kabisa, na sasa kila akiihitaji lazima apande kigoda. Mara ya pili ikawa misumari, akaitafutia kopo lenye kifuniko. Mara ya tatu wakasema nyundo ina kelele, na mbwa huogopa kelele. "Sasa nigonge soli kwa kunong'ona?" aliwauliza, na hakuna aliyecheka.

Alivumilia yote kwa sababu alimtaka yule mbwa. Tangu mkewe afariki, kilichomuuma zaidi ni saa za mchana, pale anapomaliza kiatu na kugeuka kusema neno, halafu anakumbuka. Mbwa mwenyewe, wa kahawia, mzito wa kutembea, alikuwa amekwisha kurudishwa na familia mbili. Kosa lake, kwa mujibu wa faili, ni ukaidi. Fundi alipewa wiki moja ya majaribio, na wiki ilikuwa inaisha leo.

"La mwisho ni la vitendo," Mwalimu alisema. "Wewe endelea na kazi yako."

Fundi akagonga. Mwalimu akaenda mlangoni, akapiga makofi, akaita jina walilompa mbwa. Mbwa alikuwa amelala chini ya meza, amewapa mgongo. Akaita tena. Hata mkia haukutikisika.

"Wiki nzima, Fundi! Hata jina lake?" Akatoa kamba mkobani. "Pole, hamjaelewana. Naondoka naye."

Fundi akaweka nyundo chini. Alijua tatizo tangu siku ya pili, na alinyamaza kwa sababu ya ukurasa wa tisa wa masharti yao: mnyama mwenye ulemavu haendi mahali pasipo na ua. Mlango wa duka ulifunguka moja kwa moja barabarani. Akisema, anamkosa. Akinyamaza, anamkosa vilevile. Uvumilivu ukamwishia hapo hapo.

"Ni kiziwi!" alifoka. "Kiziwi kabisa! Mmekaa naye miezi minane, mkamwandikia faili nene kama godoro, na hakuna hata mmoja wenu aliyegundua! Aitikie jina lipi?"

"Wewe umejuaje?"

"Kuna mbwa mzima wa masikio atakayelala hapo?" Alionyesha chuma anachogongea viatu. Taya la mbwa lilikuwa limeegemea kitako cha chuma hicho. "Siku ya kwanza nilidhani ananipenda. Kumbe anapenda mtikisiko. Nikigonga analala, nikiacha anaamka kunitafuta."

Kweli, mbwa alikuwa ameinua kichwa. Aligeuka huku na huku mpaka akaiona miguu ya Fundi, akaikazia macho.

Mwalimu alimgeukia mbwa.

"Tumemwita mkaidi," alisema, na sauti haikuwa tena ya darasani. "Mara mbili nimemgombeza mbele za watu." Halafu akakumbuka kazi yake. "Na wewe ulijua, ukanificha."

"Ukurasa wa tisa, Mwalimu. Sina ua."

"Najua kilichoandikwa ukurasa wa tisa. Nimeuandika mimi."

Aliutazama mlango uliokuwa wazi na magari yaliyopita hatua tano tu kutoka kizingiti. Akaitazama kamba mkononi. Kisha akapiga magoti kwa shida, mtu mzima na gauni lake safi, juu ya vumbi la ngozi na vipande vya soli, akaweka kiganja kwenye kitako cha chuma, karibu na pua ya mbwa.

"Gonga," alisema.

Fundi aliinua nyundo. Akagonga; mbwa akalaza taya karibu na kiganja cha Mwalimu, naye Mwalimu akairudisha kamba mkobani.