Kanisa Kwenye Ukuta Mbichi

Simpendi Navalayo, na sifichi. Ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, lakini anajionanga kama padri. Yeye ndiye aliyekuwa akiizungusha picha ya kanisa nyumba kwa nyumba, na pale ilipolala ndipo akina mama walipokuja kuomba Jumamosi. Tuliachiwa na padri Mholanzi: picha kuukuu ya kanisa kubwa la mji wa kwao, imechapwa kwa mistari myembamba ya wino mweusi mpaka mawe ya mnara unayaona moja moja, ndani ya fremu na kioo.

Miaka ile miwa ilikuwa inalipa, watu wakajenga kwa simiti, na picha ikawa inalala kwenye nyumba za simiti tu. Kwangu, kwenye nyumba ya udongo, ilifika kwa sababu mume wangu Wangila aliangukiwa na miwa ikipakiwa kwenye trela. Alikuwa amelazwa hospitali ya Mukumu, hanitambui hata mimi. Nilitaka aombewe. Basi.

Sasa picha kama hiyo, mgeni wa heshima, utamweka kwenye ukuta wenye nyufa? Nikausiriba wote kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ukapendeza, nikaitundika jioni hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi naangalia, unyevu umeingia kwenye karatasi. Mlango wa kanisa umekuwa doa la rangi ya chai. Mungu wangu! Nikafuta kioo kwa leso, wapi, doa liko ndani. Nikaipeleka juani, likazidi, nikairudisha ukutani. Watasema nimelichafua kanisa, wataondoka, na Wangila atakufa bila kuombewa.

Walikuja mchana. Navalayo hakuketi hata.

"Roda! Umefanya nini?"

"Nilisiriba, mama. Nilitaka pawe pasafi."

"Si nilisema, hizi nyumba za udongo!" Akaitoa picha ukutani, akaitia kwapani. "Twendeni kwa Padri."

Wakaanza kuinuka. Hapo nikasahau adabu. Nikasimama mlangoni, machozi na hasira pamoja.

"Picha beba! Lakini hamtoki kabla ya kumwombea Wangila. Nani amewaambia Mungu anakaa kwenye karatasi?"

Kisha jirani yangu Zilpah akapiga magoti, akaanza Salamu Maria. Wengine wakafuata. Navalayo alibaki amesimama, ananikazia macho, nami sikusogea. Mwishowe akapiga magoti na fremu yake kwapani, na ilipofika zamu ya kuwataja wagonjwa, yeye ndiye aliyesema kwanza: "Wangila."