Ua la Kaburi la Zadock

Mvua za mwaka wa themanini na sita zilipokatika, kaburi la Zadock lilivaa nyeupe. Vijiua vidogo vilivyoshonana kama kitambaa cha kufuma vilitikisika hata pasipo upepo. Seline, mjane wake, alivikuta asubuhi moja akajua, kama mtu anavyojua ndotoni, kwamba mumewe amemkumbuka.

Mbuzi walikula kila kitu pale bomani isipokuwa maua hayo. "Wanamheshimu mwenyewe," alisema mama mkwe, na nani angebishana na mbuzi? Seline akawa anashinda hapo na sindano yake ya kufumia, mtoto wake Adero mgongoni, akiyaiga maua kwa uzi. Alikuwa na furaha, akaionea haya. Mikono ikamwasha, akasema ni uzi. Pumzi ya Adero ikaanza kukoroma. Akasema ni baridi ya ziwa. Mwenye kupenda, chongo huita kengeza.

Uzi ulipoisha alikwenda Kisumu mjini, dukani kwa Kamla, na kichala cha maua ili achague weupe unaolingana. Kamla alikuwa ameletwa hapa na ndoa kutoka Gujarat. Alipoyaona tu, akarudi nyuma.

"Mama, hii tupa nje. Kwetu tunaita nyasi ya karoti, angalia majani yake. Kaka yangu alikuwa nalima ndani yake mpaka pumzi ikakataa." Akatega sikio mgongoni mwa Seline. "Huyu mtoto napumua hivi tangu lini?"

"Tangu maua iote," Seline alijibu, kisha akasikia alichokisema. Hata hivyo alibisha. "Lakini hii imeota kwa kaburi ya bwana yangu peke yake."

Kamla alimshika mkono, akamtoa kwa mlango wa nyuma. Kando ya reli, mtaroni, jalalani, kote kulikuwa kweupe. Ua la Zadock lilikuwa la kila mtu. Seline alilia pale pale kilio kilichomkatalia siku ya mazishi.

Jioni alimwacha Adero ndani na bibi yake, akajifunga magunia mikononi, akaanza kung'oa.

"Baba Adero," alisema, akivuta shina baada ya shina, "kama ni wewe, acha mtoto. Kama si wewe, basi sikujua umeenda mbali hivi."

Alipomaliza alinawa, akaingia ndani, akakaa karibu na Adero kusikiliza pumzi.